Uzoefu wangu: mwanangu alipopimiwa ukubwa wa meno kwenye kliniki moja ya Upanga, Dar es Salaam

Mwanangu ana miaka 12, na katikati ya meno yake mawili ya mbele ya juu liliota jino la ziada, dogo, lililochongoka mithili ya kigingi. Kliniki ya kwanza tuliyokwenda ilitaka kuling'oa siku hiyohiyo, ikituhakikishia kwamba meno yangejipanga yenyewe. Hawakupiga picha wala kupima chochote, kwa hiyo tukaondoka.

Kliniki ya Upanga, ambayo ndiyo ninayoisifu hapa, ilianza na eksirei ya mataya yote mawili ili kuona kama kuna jino jingine lililojificha ndani ya mfupa, kisha daktari akachukua chapa ya meno na kuimiminia plasta ili kupata mfano wa meno yake. Plasta ilipokauka alituita mezani, akapima kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana) jino mojamoja la mfano huo huku msaidizi wake akiandika. Meno mawili ya mbele yalizidi milimita 9 kila moja, ilhali kwa watu wengi huwa karibu na milimita 8.5, na yaliyofuatia nayo yalikuwa mapana.

Maelezo aliyotupa yalinifaa kuliko huduma nyingine yoyote. Jino la ziada lenyewe mara nyingi huwa dogo, lakini meno ya kawaida ya mtu aliye nalo huelekea kuwa makubwa kuliko ya wenzake, na wale ambao baadhi ya meno yao hayakuumbika kabisa huelekea kuwa na meno madogo. Mwaka 1984 mtafiti Alan Brook alieleza kwamba idadi ya meno na ukubwa wake vinahusiana, kwa kuwa vyote hutokana na urithi pamoja na mazingira ya ukuaji. Kwa mwanangu maana yake ilikuwa wazi: hata jino lile likitoka, msongamano ungebaki, kwa sababu meno yaliyosalia ni mapana kuliko nafasi iliyopo tayani.

Ganzi ilichomwa kwa upole, na jino likatoka bila taabu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba gharama ya plasta hatukutajiwa mapema, na Jumamosi foleni ni ndefu mno. Anayekwenda achague siku ya kazi, aulize bei ya kila hatua, na abebe eksirei ya zamani kama anayo. Sisi tunasubiri mwanangu apone fizi ndipo afungwe waya wa kunyoosha meno.