Mkoba wa P08 wa kuigiza: ngozi nzuri, uzi mbovu, mhuri unaojiumbua

Kinachopimwa hapa ni mkoba wa kubebea P08, bastola ya Wajerumani, si bastola yenyewe. Bastola ya mwaka 1940 inayofyatua ni silaha mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hata mwenyewe akiiita kumbukumbu. Kwa anayekusanya vitu vya jeshi la Ujerumani akiwa Dar es Salaam, ngozi ndiyo njia ya amani.

Mkoba wenyewe ni ule mgumu wa P08, bastola ambayo watu huiita Luger, kwa mtindo wa Vita ya Pili: mweusi, kifuniko kimetuna, kifuko cha magazini ya akiba kiko ubavuni na vitanzi viwili vya mkanda viko mgongoni. Ndani ya kifuniko kuna kijumba cha kifaa cha kufungulia bastola. Hii ya kuigiza hushonwa Asia Kusini na kuagizwa mtandaoni, kwa kawaida dola 40 hadi 60 kabla ya usafiri na ushuru. Ukikuta mtu mjini anauza mkoba huohuo kwa bei ya ule halisi, ujue unakaribia kupigwa.

Tuanze na sifa. Mwili na kifuniko ni ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 3.5, iliyotengenezwa kwa dawa ya magome, kazi ileile inayofanywa na magome ya miwati ya Njombe. Dondoshea tone la maji upande wa ndani usiopakwa rangi: linanywewa na kuacha doa jeusi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sasa dondoshea kwenye kifuko cha magazini na kwenye ukanda wa kuvutia bastola. Tone linakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba. Hiyo ni ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za madini hayo badala ya magome, na ukichoma kipande kidogo cha ukingo wake majivu hutoka ya kijani-kijivu. Mshonaji amebana matumizi pale alipodhani hakuna atakayetazama. Kasoro hiyo si ya macho tu, kwa sababu ngozi ya kromu haishiki umbo. Kifuko kitalegea, na ukanda utarefuka kila unapovutwa.

Kwa ukubwa, unafaa P08 ya kawaida tu, yenye mtutu wa milimita 100. Ya jeshi la majini ilikuwa na 150 na ya kikosi cha mizinga 200. Hizo zina mikoba yake. P38, bastola nyingine ya Wajerumani, haiingii vizuri, hata muuzaji akiapa.

Mkoba mtupu husinyaa, kwa hiyo unahitaji kalibu. Chongesha mbao laini yenye umbo la P08, urefu wa jumla takriban milimita 222. Mafundi wa vinyago Mwenge wanaiweza kwa mchoro mmoja. Iache iwe gogo butu lisilo na rangi wala kifyatulio, na isitoke nyumbani. Loanisha ngozi ya mwili kwa maji ya uvuguvugu dakika 10 hivi, funga kalibu kwa nailoni nyembamba, iingize, kisha bonyeza kwa vidole kufuata mikunjo. Kausha kivulini mbele ya feni kwa siku mbili. Usianike juani: jua la Dar hukausha uso kabla ya ndani, ngozi ikajikunja na kupasuka pale kifuniko kinapopinda.

Uzi ndio aibu ya mkoba huu. Ulio halisi ulishonwa kwa uzi wa kitani. Huu ni nailoni. Ukiugusisha moto unayeyuka na kuacha shanga ngumu, wakati kitani huungua kama karatasi. Nailoni haiozi, lakini ni ngumu kuliko ngozi inayoizunguka, nayo huikata taratibu kutoka tundu hadi tundu. Pale kifuko cha magazini kinapokutana na mwili, mishono ni mirefu na matundu hayako kwenye mstari mmoja.

Fundi viatu yeyote mzuri wa Kariakoo anarekebisha hilo, ila mwelekeze. Atoe uzi wa kifuko peke yake, asiguse mshono mkuu. Atumie matundu yaleyale. Msharasi ukitoboa mapya kando ya yale ya zamani, ukingo unakuwa kama stempu na utachanika. Uzi wa kitani upakwe nta ya nyuki, urefu wake uwe mara nne ya mshono, na ushonwe kwa sindano mbili zinazopishana kwenye kila tundu. Cherehani hapana. Hapohapo kifuko cha kromu kibadilishwe kwa ngozi ya magome ya milimita 2.

Bizimu ipitishie sumaku. Hapa inanasa, maana ni chuma kilichopakwa nikeli, na nikeli hiyo ikichubuka tu kutu inaanza.

Mihuri ndiyo inayochekesha. Mgongoni pamepigwa "P 08", jina kamili la kiwanda cha Berlin, mwaka 1942, na tai mwenye herufi WaA, alama ya wakaguzi wa silaha wa jeshi la Ujerumani. Lakini kufikia 1941 viwanda vilikuwa vikificha majina yao kwa herufi tatu. Gxy, kwa mfano, ni Gebrüder Klinge wa Dresden. Jina kamili pamoja na 1942 ni pea ya kutilia shaka. Alama zenyewe zimezama kwa kina kimoja kila mahali, kingo kali kama zimekatwa jana, na rangi nyeusi imejaa ndani yake.

Mihuri hiyo pia inafaa kumnyamazisha muuzaji wa hadithi. Dar haikosi wa kukuambia kwamba mkoba uliokotwa Rufiji kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani, au ulikuwa wa afisa wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita ya Kwanza. Königsberg ilizamishwa Julai 1915. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Tai wa WaA ni wa miaka ya 1930 na 1940. Mikoba ya Vita ya Kwanza kwa kawaida ilikuwa ya rangi ya kahawia. Cha kuchekesha, hadithi hiyo unaweza kuuziwa Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyohiyo.

Adui mkubwa wa mkoba huu mjini ni hewa. Ukungu huota unyevu ukipita asilimia 65, na Dar mara nyingi huwa juu ya hapo. Mafuta ya nazi usiguse: yanalainisha leo, kesho ngozi inanata na ukungu umepata chakula. Mafuta mengi ya aina yoyote yanalegeza ngozi ngumu na hayatoki tena. Ukungu ukiota, peleka mkoba nje, upanguse kwa brashi laini, kisha pitisha pamba yenye spiriti kidogo baada ya kujaribu mahali pasipoonekana.

Uhifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa cha amerikani, kalibu ikiwa ndani na pakiti za silika za kunyonya unyevu pembeni. Usiuweke ndani ya nailoni, wala usiache kitu cha chuma ndani ya mkoba, hata magazini tupu. Tindikali ya magome iliyomo kwenye ngozi hula chuma, na kwa unyevu wa masika utaona vidoa vya kutu baada ya wiki chache.