Hekalu la Fahali, Bengaluru: fahali hana neno, shida ni viatu

Nilitaka kuandika neno moja tu: msiende. Hasira imepoa kidogo, kwa hiyo someni hadi chini, hasa nyinyi mnaosindikiza wagonjwa Bengaluru, India, na mnatafuta pa kupumzishia akili kati ya kliniki moja na nyingine.

Kilichoniudhi ni viatu. Dodda Basavana Gudi, yaani hekalu la fahali mkubwa, huingii na viatu, na hilo halina ubishi. Ubishi uko barabarani, kwa wanaojitolea kukulindia. Niliyemkuta mimi alipokea ndala kwa tabasamu, hakutoa kibao cha namba, hakutaja bei. Natoka, anataka rupia 100. Kwa ndala! Mama mmoja wa pale pale alitoa sarafu ya 10, akachukua vyake, huyoo. Nikauliza kulikoni. Jamaa akacheka na wenzake, kisha akanisukumia ndala yangu kwa mguu. Kwa mguu, katika nchi ambayo mtu akikugusa kwa mguu bahati mbaya anaomba radhi! Tukapayukiana pale kama mafahali wawili zizi moja, wa tatu akiwa ndani ametulia zake. Nilitoa 50 na bado zinaniuma.

Kwa hiyo: uliza bei ukiwa bado umevaa viatu, dai namba, na uwe na sarafu za 5 na 10 mfukoni. Ukivaa ndala za bei chee unaweza kuziacha mwenyewe ukutani, moja huku na nyingine kule. Mwizi hana kazi na mguu mmoja. Na usifike mchana miezi ya Machi hadi Mei. Sakafu ya mawe nje inachoma nyayo kama kikaango, utavuka kwa kurukaruka. Kabla ya saa tatu asubuhi ndiyo saa yake.

Kufika si kazi. Shuka metro ya laini ya kijani kituo cha National College, halafu bajaji, na mkubaliane nauli kabla ya kupanda.

Sasa ndani. Hapa ndipo nashindwa kushikilia lile "msiende". Kwenye mahekalu mengi ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, fahali wake Nandi ni mdogo, amelala mlangoni akimtazama bwana wake, na waumini humnong'oneza shida zao sikioni. Hapa fahali ndiye mwenye nyumba. Sikio liko juu kuliko utakavyofika hata ukisimama kwa vidole. Ni jiwe moja la matale, asili yake kijivu, limekuwa jeusi ti kwa mafuta linayopakwa miaka nenda rudi. Unaliona linameta kabla macho hayajazoea giza, na harufu ya mafuta inakupokea mlangoni.

Zunguka ukianzia kushoto, ili fahali abaki mkono wako wa kulia. Ukizunguka kinyume utakutana na watu uso kwa uso kwenye ujia mwembamba wa nyuma. Kanyaga polepole, mafuta yanateleza.

Kuhani akileta sinia la moto, pitisha viganja juu ya mwali halafu viguse uso. Maji matakatifu yanamiminwa kwa kijiko kidogo: kinga kiganja cha kulia, cha kushoto kikiwa chini yake, kunywa, kinachobaki pakaa kichwani. Usipokee kitu kwa mkono wa kushoto peke yake. Sadaka ni hiari. Weka 10 au 20 siniani, usiweke noti ya 500 ukasubiri chenji.

Kisa chake ndicho kilichonirudisha kwenye utu. Wakulima wa Sunkenahalli, kijiji kilichokuwa hapo, walikuwa wakiliwa karanga zao usiku na fahali. Mmoja akampiga rungu, fahali akageuka jiwe palepale. Wakajengea hekalu kwa toba, lakini jiwe likaendelea kukua, mpaka wakachomeka mkuki wa Shiva wenye ncha tatu kwenye paji ili likome. Historia yenyewe inamhesabu Kempe Gowda, mwanzilishi wa mji, kuwa ndiye mjenzi, mwaka 1537. Mimi nabaki na wakulima. Hadi leo, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Kartika, kati ya Novemba na Desemba, wanaleta karanga za kwanza za mavuno, na barabara nzima inakuwa karanga: mbichi, za kukaanga, za kuchemsha na maganda kama zetu. Siku hiyo bajaji haipenyi, shuka mbali utembee.

Chini ya kilima hicho hicho yupo Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye siku nyingine hupakwa siagi mwili mzima. Pitia. Mto Vrishabhavathi, unaoaminika kuanzia miguuni pa fahali, usiutafute. Siku hizi unabeba majitaka ya mji.

Nilikuwa nimepanga nyota mbili. Fahali peke yake ni tano. Basi nne. Hapana, tatu, maana nimeiangalia ndala sasa hivi na kamba imeng'oka pale alipoipiga teke.