Kuhamisha kaseti kwenda flashi, Mwanjelwa: wamesafisha mpaka mama yangu

Nyota moja. Naandika nikiwa bado nimechafukwa, mnivumilie.

Kuna steshenari moja maeneo ya Mwanjelwa, jina nawasitiri. Wanatoa kopi, wanapiga picha za pasipoti, na mlangoni wamebandika karatasi kwamba wanahamisha kaseti na mikanda ya video kwenda kwenye flashi. Mbeya nzima sijaona mwingine mwenye deki inayozunguka. Basi nikapeleka kaseti za marehemu mama.

Humo kuna Twende na Wakati. Aliyekuwa na redio miaka ile haitaji kuelezwa: mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa nusu saa, wa uzazi wa mpango na ukimwi. Mkwaju dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, Tunu mkewe yuko nyumbani anasubiri, halafu Fundi Mitindo na Mama Waridi wake. (Shoga yangu mmoja aliyekulia Dodoma hana habari na mwanzo wake. Kule mtambo wao haukurusha mchezo huo hadi 1995, kwa sababu watafiti walitaka mkoa wa kulinganisha na sisi tuliousikia. Kila nikimweleza Mkwaju ananikodolea macho.)

Sasa kwetu Tukuyu, mjomba alikuwa dereva wa lori. Dar, Tunduma, Dar. Siku Mkwaju alipoanza kusikika, mama alikata shauri kwamba kaka yake ameandikwa redioni, na kwamba atausikia mchezo huo apende asipende. Kaseti tupu zilikuwa na bei, akachukua kaseti za muziki za mjomba mwenyewe, akaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi aliyoitafuna, akarekodi juu yake. Redio kaseti nayo ilikuwa ya mjomba, upande wa redio ulishakufa siku nyingi. Kwa hiyo mama aliiweka mbele ya redio yetu ndogo, akabonyeza, na kile kimaiki chake kikanasa kila kilichokuwemo nyumbani. Mvua ya Tukuyu kwenye mabati. Sufuria. Mama akimtukana Mkwaju kwa Kinyakyusa, sentensi baada ya sentensi. Na kuna upande mmoja mjomba mwenyewe yumo, amepita na lori, anajitetea kwa sauti kuliko Mkwaju.

Kijana wa ofisini alipokea kaseti akacheka. "Mama, haya si yapo mtandaoni?" Nikamwambia mwanangu, kama yapo nitafutie. Hakutafuta. Akasema kesho kutwa. Ikawa njoo Ijumaa, umeme umekatika, kompyuta imegoma, fundi yuko msibani. Hayo nilimsamehe, msiba ni msiba.

Nimefika nyumbani na flashi yangu, nikaichomeka. Mkwaju anasikika kama amekaa kwenye kochi langu. Maneno yako wazi, hakuna hata mkwaruzo. Nikasubiri mvua. Hakuna mvua. Nikasubiri mama aingie pale anapoingiaga. Kimya kidogo, halafu Tunu anaendelea. Nikapeleka mbele, nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti hadi mtoto wa jirani akachungulia. Mama hayumo. Mjomba hayumo.

Nikarudi siku hiyohiyo. Yule kijana akafurahi kuniona! "Nimekusafishia, mama. Kulikuwa na makelele, kuna mwanamke anaongeaongea hovyo juu ya kipindi. Watu wanalipia kazi hiyo, wewe nimekupa bure."

Nikamwambia mwanamke huyo ndiye niliyemleta. Hakunielewa, au alinielewa akaona aibu, sijui. Nikamwomba basi ile ya kwanza kabla ya kusafishwa. Ameshaifuta, kompyuta ilikuwa imejaa. Kurudia nitalipa upya, deki inachoka.

Hata hivyo kijana si tatizo langu kubwa. Ni bosi wake, mwanamke wa rika langu kabisa, aliyekuwepo enzi za Mkwaju kama mimi. Hakuinua macho kwenye simu. "Dada, ulitaka kipindi. Kipindi si hicho?" Nilitamani mama angekuwepo amjibu. Deki zenyewe zinaisha, hata Sony waliacha kuuza Walkman za kaseti kwao Japani 2010, na dada huyu anajua fika sina pa kwenda.

Nitende haki lakini. Kaseti zimerudi nzima, hakuna mkanda uliokatika wala kuliwa, na moja iliyokuwa imedondosha kile kisponji kinachokandamiza mkanda, kijana amekiweka kipya bila kuniambia wala kunitoza. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mikono. Kwa hilo nyota mbili. Na kuna pahala Tunu anamjibu Mkwaju ambapo miaka yote sikuwahi kusikia anasema nini, kwa sababu mama alikuwa amepandisha. Safari hii nimesikia. Nimerudia tena. Nikajikuta nacheka peke yangu, halafu nikakasirika upya kwamba nimecheka. Rudisheni kwenye moja.

Mjomba yuko hai, anafuga ng'ombe Kiwira. Akiulizwa nani alimponya na barabara ile, siku nyingine anasema dada yake, siku nyingine anasema breki. Nilimpigia nikamwekea kwenye simu kipande kilichosafishwa. Akasema hicho si cha kwetu, nimechukua kwa watu.

Na mchezo wenyewe, waurudishe. Siwezi kuamka kila siku na uchambuzi wa mpira na matangazo ya kubeti. Malori bado yamepanga foleni Tunduma, na Mkwaju wa sasa ana simu mbili na laini nne, kazi ingekuwepo.

Kaseti zilizobaki nitawapelekea haohao, nifanyeje. Juu ya kila moja nimeandika kwa kalamu nene: USISAFISHE CHOCHOTE, MWANAMKE ABAKI. Mwenye kumjua mtu mwenye deki nzima Iringa, hata Makambako, anielekeze. Nauli juu yangu.