Kusikiliza au kusoma: kipi kipime Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari China?

Katika gaokao, mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu, karatasi ya Kiingereza inayotumika katika mikoa mingi ina alama 150: kusikiliza 30, kusoma 50.

Kwa gharama, kusoma kunashinda bila ubishi, kwani karatasi inatosha. Kusikiliza hudai spika nzuri na utulivu. Mazungumzo matano ya mwanzo husikika mara moja tu, kwa hiyo honi moja nje ya dirisha yaweza kumpokonya mtahiniwa alama 1.5 asizostahili kupoteza. Beijing hutumia kompyuta na kutoa nafasi mbili kwa mwaka, jambo la haki zaidi, ila shule ndogo haziwezi kuliiga.

Kwa uhakika wa kipimo, mambo hugeuka. Mwanafunzi mjanja huoanisha maneno ya swali na ya kifungu akapata jibu bila kuelewa. Sauti inayopita haimpi mwanya huo, ingawa rekodi za studio ni safi kupita mazungumzo halisi.

Mwalimu wa wilayani mwenye darasa kubwa ataegemea kusoma. Anayewaandaa wanafunzi kwenda kusoma ng'ambo hana budi kupima kusikiliza kila wiki.