Canon R50 na G7 X Mark III: pale kamera ya mfukoni inapoishinda kubwa

Zikiwekwa mezani pamoja, Canon EOS R50 ndiyo inayoonekana kamera ya kazi. Ina mshikio unaojaza vidole, ina kitundu cha kuchungulia, na lenzi yake hufunguka kwa kuzungushwa. PowerShot G7 X Mark III pembeni yake inafanana na kibweta cha sabuni. Wengi huamua kwa kuangalia umbo hilo, wakaibeba R50 kwenye sherehe ya usiku, wakarudi na picha zimejaa chenga. Kosa si la kamera. Ni la lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi.

R50 ni ya kundi la kamera zisizo na kioo cha ndani, zinazobadilishwa lenzi, na iko ngazi za chini za kundi hilo. Kihisi chake, yaani kibao cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, kina milimita 22.3 kwa 14.9 na pikseli milioni 24.2. Kihisi cha G7 X kina milimita 13.2 kwa 8.8, pikseli milioni 20.1. Ukipiga hesabu ya eneo, cha R50 kinakizidi kingine karibu mara 3. Hapo ndipo matangazo huishia, na mnunuzi naye.

Sasa tazama mbele ya kihisi. Lenzi ya boksi ya R50 ni RF-S 18-45mm, na tundu lake la kupitisha mwanga ni f/4.5 upande wa pana, likibanwa hadi f/6.3 ukivuta mwisho. Lenzi iliyojengewa ndani ya G7 X inaanza na f/1.8 na kuishia f/2.8. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na mwanga hupungua kwa kipeo cha pili. Kwa hiyo kati ya f/6.3 na f/2.8 kuna tofauti ya mara 5. Gawa kwa ile faida ya kihisi ya karibu mara 3, utaona kamera ya mfukoni inakusanya mwanga zaidi kwa takribani mara 1.8. Upande wa pana, f/1.8 dhidi ya f/4.5, inazidi hata mara 2.

Kwa vitendo ni hivi. Uko ukumbini, taa za njano, unampiga mtu picha ya kifua kwa kasi ya shata (muda ambao kamera inaachia mwanga uingie) ya 1/100 ya sekunde. G7 X kwa f/2.8 itataka ISO 800, na ISO ni kiwango cha kukuza mwanga ulionaswa: kikipanda, chenga huongezeka. R50 kwa f/6.3, mahali palepale na kwa kasi ileile, itataka ISO 4000. Kihisi kikubwa kinajitahidi, lakini hakiwezi kulipa deni lote hilo. Ukungu wa nyuma ya mtu nao unafuata hesabu hiyohiyo: G7 X itautoa kidogo zaidi. Tena lenzi yake inafika mbali, kwani kwa kipimo cha filamu ya 35mm ni 24 hadi 100, huku ile ya boksi ikiishia kama 29 hadi 72.

Basi anayejua moyoni kwamba hatanunua lenzi ya pili, aache R50 dukani. Atakuwa amelipia mlango ambao hataufungua.

Mambo yanageuka siku unapofunga RF 50mm f/1.8. Ni lenzi isiyovuta, ya gramu 160, na ni miongoni mwa zenye bei nafuu kabisa katika orodha ya Canon. Juu ya R50 inaona kama lenzi ya 80mm, yaani kipimo cha kupigia sura za watu. Kwa f/1.8 mbele ya kihisi kile, mwanga unaokusanywa ni karibu mara 7 ya ule wa G7 X kwa f/2.8. Ukutani nyuma ya mtu, taa zinageuka viduara laini, nywele zinajitenga, na ISO inashuka. Kuna mtego mmoja: lenzi hii haina kituliza mtikisiko, na mwili wa R50 pia hauna. Lenzi ya boksi inacho. Ukizoea kupiga kwa 1/30 na ile ya boksi halafu ukaendelea hivyo na 50mm, picha zitatoka zimetikisika na utadhani fokasi imeharibika. Usishuke chini ya 1/100. Kwa mtoto anayecheza, anzia 1/250.

Asiyetaka sura za watu tu achukue RF 28mm f/2.8, nyembamba kama biskuti, gramu 120, ambayo kwenye R50 inaona kama 45mm, karibu na jicho linavyoona. Na mwenye bajeti ya kutosha anunue mwili mtupu bila lenzi ya boksi, kisha afunge Sigma 18-50mm f/2.8, ambayo tangu 2024 inapatikana kwa mdomo wa lenzi wa RF, ndio wa R50. Inabaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho na ina uzito wa takribani gramu 300. Huo ndio mpangilio ambao R50 ilistahili kuuzwa nao.

Fokasi ni habari nyingine, na hapa hakuna mjadala. R50 hutumia sehemu za kihisi chenyewe kupima tofauti ya awamu ya mwanga, hivyo inajua papo hapo lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Inatambua watu, wanyama na magari, na ikishanasa jicho hailiachi. G7 X inapima ukali wa mipaka tu: inasogeza lenzi mbele, inapitiliza kilele, inarudi. Kwa kitu kilichotulia hutagundua. Kwenye video ya mtu anayetembea kuelekea kamera, utaona sura ikiingia na kutoka kwenye ukungu kama inayopumua. Dawa yake ni kuzima fokasi ya kufuatilia, kuchagua nukta moja, kufunga fokasi kabla ya kurekodi, kisha kumwomba anayerekodiwa asisogee sana. Si dawa nzuri, lakini ndiyo iliyopo.

Kwa video ndefu pia R50 iko mbele. Inarekodi 4K ya fremu 30 kwa sekunde kwa upana wote wa kihisi, ikikusanya picha kubwa zaidi ya 6K na kuipunguza, ndiyo maana nyuzi za nguo zinaonekana. G7 X inarekodi 4K nzuri, ila kipande kimoja hakizidi dakika 10, na mwili mdogo unapata moto haraka. Zote mbili zina tundu la maikrofoni ya nje na zote hazina la hedifoni, kwa hiyo sauti itakaguliwa baadaye. G7 X haina kiatu cha juu cha kushikia kitu chochote. Maikrofoni itahitaji kishikizo cha pembeni. R50 inacho, lakini ni cha aina mpya, hakina vidoto vya umeme vya zamani. Ukitaka kufunga flashi ya Canon ya miaka iliyopita ni lazima ununue adapta ya AD-E1. Jambo hili huwaudhi watu wenye flashi tayari kabatini, na wana haki.

Memori kadi isikusumbue: kwa zote, 4K ya kawaida inaandika takribani megabaiti 15 kwa sekunde, kwa hiyo kadi yenye alama ya kasi ya V30 inatosha na kubaki. GB 64 itabeba kama dakika 70.

Uzito? G7 X ni gramu 304 pamoja na betri na kadi, unene sentimita 4.1. Inaingia mfuko wa koti, si wa suruali ya kubana. R50 na lenzi ya boksi ni kama gramu 505, ambazo mkono hauzilalamikii, ila lenzi inachomoza na kudai begi. Kamera inayodai begi huachwa nyumbani siku ambazo hazikupangwa, na mpigaji wa picha za familia anajua ni siku zipi hizo.

Betri ya kamera ya mfukoni ni ndogo kweli. Kipimo cha kawaida cha viwanda kinaipa G7 X picha 235. Nunua ya akiba pamoja na kamera, siku hiyohiyo. Inachajiwa pia kwa USB-C, lakini chaja dhaifu ya simu ya zamani haitaisukuma. Inataka ile inayotoa umeme wa mfumo wa PD (Power Delivery), wa chaja zenye nguvu.

Kuna mambo mawili ya G7 X ambayo watu huyagundua wamechelewa. La kwanza ni chujio cha kupunguza mwanga kilichojengewa ndani, cha hatua 3. Juani ukitaka kubaki f/1.8, au kwenye video ukitaka shata ya 1/60, kiwashe kwenye menyu. Kwa R50 ungenunua chujio cha kufunga kwa nyuzi mbele ya lenzi. La pili ni shata yake iliyo ndani ya lenzi, isiyosikika karibu kabisa. Kwenye ibada au mkutano, R50 hutoa mlio wa kukatisha maneno isipokuwa uigeuze itumie shata ya elektroni, isiyo na kitu kinachosogea, na hiyo chini ya taa za LED inaweza kuchora mistari ya giza kwenye picha.

Udhaifu wa kila moja unatoka mahali tofauti. Lenzi ya kamera ya mfukoni hujitokeza kwa mota na gia za plastiki. Kitufe cha kuwashia kikibonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya begi, lenzi inasukuma dhidi ya kitambaa, gia zinaruka meno, na tangu siku hiyo skrini inaandika hitilafu ya lenzi. Mchanga hufanya vivyo hivyo. Vumbi likifyonzwa na lenzi hadi kwenye kihisi, huwezi kulifikia bila fundi kuifungua kamera nzima. Kipochi kigumu hupunguza balaa la kwanza, wala hakizibi la pili.

Kwa R50 vumbi huingia unapobadilisha lenzi, kwani kihisi hubaki wazi hata kamera ikiwa imezimwa. Izime, elekeza mdomo wake chini, na lenzi mpya iwe imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma kabla hujaitoa ya zamani. Ukishuku vumbi, weka f/16, piga picha ya ukuta mweupe bila kuulenga sawasawa, kisha ikuze: madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale katika kila picha ndiyo yenyewe. Tumia mpira wa kupulizia. Usipulize kwa mdomo. Mate yakikauka juu ya kihisi ni kazi ya fundi, na hiyo ni gharama ya upuuzi.

Zipo nyingine za kuangalia. R100, ndogo ya R50, inavutia kwa bei, lakini skrini yake haigeuki wala haiguswi, na 4K yake inakata ukingo wa picha. Anayetaka picha tupu za mchana anaweza kuikubali. Sony ZV-E10 haina kitundu cha kuchungulia, ila ina lenzi nyingi za kuchagua kuliko Canon. Kwa mfukoni, Sony RX100 VII inafika 200mm na fokasi yake ni ya kasi sana, lakini tundu lake la f/2.8 hadi f/4.5 linafuta sehemu kubwa ya ushindi niliousema wa mwanga. Ricoh GR III inaweka kihisi kikubwa, sawa na cha kundi la R50, ndani ya gramu 257. Malipo yake ni lenzi moja ya 28mm isiyovuta, hakuna flashi, na betri ya picha 200. Ni kamera ya mtu anayejua anachokitaka. Na vile vikamera vyembamba vya aina ya IXUS, vyenye kihisi cha milimita 6 kwa 4.5, vipite tu: simu nyingi za sasa zina kihisi kikubwa kuliko hicho, na kinachobaki ni zumu.

Ukinunua G7 X iliyotumika, na nyingi sokoni ni hizo, fanya hivi mbele ya muuzaji. Iwashe na kuizima mara 10 mfululizo ukisikiliza: mota iwe na sauti moja, isikwaruze wala kusita. Vuta zumu hadi mwisho na kurudi, kamera ikitazama juu, kisha ikitazama chini. Piga ukuta mweupe kwa f/11 na ukague madoa. Piga tofali au gazeti kwa f/1.8, ulinganishe kona 4. Moja ikiwa na ukungu kuliko wenzake, kamera ilianguka na lenzi imekaa upande. Inua flashi na uipige. Mwisho fungua mlango wa betri utazame kifungio chake cha plastiki: kikiwa kimeliwa, mlango utafunguka wenyewe katikati ya kurekodi na video hiyo haitahifadhiwa.