Darasa la jioni la Kiingereza, Pasua, Moshi: nyota nne

Mimi ni mpishi wa mlimani Kilimanjaro, napanda zaidi njia ya Marangu. Kiingereza cha kuongea na wageni tunacho, tumekiokota humo humo njiani. Kazi iko kwenye kuandika. Mgeni anauliza kwa ujumbe kama chakula kina karanga kwa sababu zinamdhuru. Sentensi yako ikikaa vibaya, hapo umeshaweka maisha ya mtu rehani. Kwa hiyo masika hii, wageni walipopungua, nikajiandikisha hapa.

Mwalimu hagawi orodha ya maneno ya kukariri. Anaandika sentensi ubaoni, anauliza kitenzi kiko wapi. Kipimo chake ni kubadilisha wakati. "The porters carry water every day." Ipeleke jana: "The porters carried water yesterday." Ukiacha "every day" iliyogeuka "yesterday", neno lililobadilika ndilo kitenzi. Ukishakipata, uliza nani alibeba. "The porters." Hicho ndicho kiima.

Siku iliyonikaa kichwani ni ile ya "The bags of the second group are at Horombo." Horombo ni kambi ya njiani. Karibu darasa zima lilisema kiima ni "group", maana ndilo neno lililo jirani na kitenzi. Mwalimu akafunika "of the second group" kwa kiganja, akasema haya, someni kilichobaki. "The bags are at Horombo." Mabegi ndiyo yako Horombo; kundi lenyewe huenda bado linakunywa chai Mandara, kambi ya chini yake! Hapo hata aliyekaa nyuma kabisa alielewa kwa nini ni "are", si "is".

Kingine anachokijua vizuri ni sisi tunatokea wapi. Kwa Kiswahili ukisema "inanyesha" umemaliza, kiima kimo humo humo ndani ya kitenzi. Kiingereza hakikubali "Is raining", lazima "It is raining". Halafu tumezoea "mama anapika", mama yupo na ile "a" ipo, ndiyo maana wengi huandika "My mother she cooks". Anayaeleza haya kwa Kiswahili, taratibu, na hamcheki mtu. Kwa sisi tulioacha shule zamani, hilo peke yake linatosha kukurudisha kesho.

Nilipenda pia "Cooking beans at Kibo takes too long." Ukiona "cooking" unarukia kusema ni kitenzi, kumbe kitenzi ni "takes" na kupika ndiko kiima. Na ni kweli tupu: kambi ya Kibo iko mita 4,720, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, maharage yanachelewa mno kuiva.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu madaftari hayasahihishwi, watu ni wengi. Na sentensi zenye vitenzi viwili, kama "The guide who knows the road speaks German", zilipitishwa mbiombio wakati hizo ndizo tunazihitaji kwenye ripoti. Zingepewa wiki nzima.

Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, fotokopi unalipa mwenyewe. Ukipata safari ya mlimani unaaga tu, siku zako zinasogezwa mbele. Wahi ukae viti vya mbele, kwa sababu dirisha la nyuma limepakana na fundi wa kuchomelea mageti.