Kigari cha magurudumu matatu: kipi ununue, kipi ukipite

Vigari vya mtoto vya magurudumu matatu huuzwa kwa picha ileile: mzazi kavaa raba, anakimbia kando ya maji, mtoto anacheka. Picha hiyo imewafanya wengi wanunue mtambo wa mbio ambao hautakimbizwa hata siku moja, na wengine wakimbie na kigari ambacho hakikutengenezwa kwa kukimbia. Magurudumu kuwa matatu hakukuambii kitu. Kinachoamua ni gurudumu la mbele: ukubwa wake, linavyozunguka kugeukia kushoto na kulia, na kama lina kitasa cha kulifunga lielekee mbele tu. Ukianza kukagua hapo, nusu ya vigari vilivyopangwa dukani utavipita bila kuvigusa.

Asili ya aina hii ni mbio kweli. Miaka ya 1980, Mmarekani Phil Baechler alifunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili aweze kukimbia na mwanawe, na kampuni iliyotokana na wazo hilo, Baby Jogger, ikaanza mwaka 1984. Baadaye watu wasiokimbia wakagundua kwamba kitu hicho kinafaa pia kwa kutembea. Kwenye kokoto, nyasi au njia yenye mashimo, kigari cha magurudumu manne madogo hukwama, kwa sababu yale mawili ya mbele kila moja linataka kwenda kwake. Cha matatu unabonyeza mpini kidogo, pua inainuka, kinapanda ukingo, safari inaendelea. Mkono mmoja unatosha kukiongoza, wa pili ukabaki huru kumshika mtoto mkubwa.

Raha hiyo ina gharama zake. Kigari kimesimama juu ya pembetatu, kwa hiyo pembe zake mbili za mbele ziko wazi, hazina cha kuzishika. Mtoto wa miaka miwili akijitupa mbele kwa upande kuokota kitu, au ukishuka ukingo mshazari, kinapinduka upesi kuliko cha magurudumu manne. Mifuko ya sokoni ikining'inia kwenye mpini, kinaanguka chali mara tu unapomtoa mtoto. Na kama unapoishi au unapofanyia kazi pana ngazi zilizowekewa reli mbili za kupandishia vigari, sahau: magurudumu ya nyuma yatakaa kwenye reli na la mbele litaning'inia katikati.

Nikivipanga kwa kadiri vinavyowafaa watu wengi, mpangilio wangu ni huu.

1. Cha njia zote, chenye gurudumu la mbele linalozunguka na kufungika

Hiki ndicho ningemshauri mtu asiyejua bado maisha yake na mtoto yatakuwaje. Matairi yake kwa kawaida ni ya inchi 12 au karibu na hapo, yana upepo, na gurudumu la mbele huzunguka huru ukiwa kwenye njia nzuri, kisha unalifunga unapoingia kwenye mchanga au mawe. Mountain Buggy ya New Zealand na Out n About ya Uingereza, na Nipper yake, wamejijengea jina kwa aina hii. Uzito wake mara nyingi hucheza kwenye kilo 10 hivi, kidogo juu au chini. Si mwepesi, ila mtu mmoja anaupakia kwenye gari bila kuita msaada.

Kabla ya kulipa, jaribu kitu kimoja ambacho wauzaji hawakionyeshi: mdomo wa pampu yako unaingia kwenye valvu? Kwenye gurudumu dogo, nafasi kati ya rimu na kitovu cha gurudumu ni finyu. Pampu ya baiskeli yenye kichwa kilichonyooka inagonga kitovu kabla haijashika, vidole vinakwaruzika, na upepo uliokuwemo unatoka wote. Tafuta pampu yenye mpira unaopinda, au kigari ambacho shina la valvu yake limepindishwa tangu kiwandani. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kifuate hicho. Usipeleke tairi hizi kwenye mashine ya upepo ya kituo cha mafuta, kwani tyubu ni ndogo na mashine ile huijaza kupita kiasi ndani ya sekunde chache, ikapasuka.

Pancha zitakuwepo. Anayetembea kwenye njia za miiba aweke ute wa kuziba pancha ndani ya tyubu mapema, au asome namba mbili.

2. Cha mjini, tairi zisizojazwa upepo

Kwa anayetembea zaidi kwenye lami, sakafu za majengo na ndani ya mabasi, hiki kinakaribia kukipiku cha kwanza. Tairi zake ni za mpira mzito au povu gumu, hazitoboki, na kigari ni chembamba. City Mini GT2 ya Baby Jogger ni mfano unaofahamika: unavuta mkanda ulio katikati ya kiti, chote kinajikunja nusu. Ukiwa umembeba mtoto anayelia kwa mkono mmoja, ukunjaji wa namna hiyo una thamani kuliko mapambo yote yanayotajwa kwenye tangazo.

Kosa lake ni kwamba mtetemo wote wa barabara unamfikia mtoto, hasa kama hakuna springi kwenye magurudumu. Povu gumu haliwezi kufanya kazi ya upepo, hata liandikwe sifa gani kwenye boksi. Na usikimbie nacho. Gurudumu lake la mbele linaweza kuwa na kitasa, lakini kitasa hicho ni cha kukusaidia kwenye changarawe, si ruhusa ya mbio. Kitabu cha maelekezo kisiposema wazi kwamba kigari ni cha kukimbilia, basi si cha kukimbilia.

3. Cha mbio

Kimeshika nafasi ya tatu si kwa ubaya, bali kwa sababu wanaokihitaji kweli ni wachache. Kwa mkimbiaji wa kweli hakina mbadala, na kwake kingekuwa cha kwanza. Magurudumu ya nyuma hufika inchi 16 au zaidi, fremu ni ndefu, kiti kimelazwa kuelekea nyuma, na mpini uko mbali vya kutosha mguu usigonge ekseli unapochapua hatua. Thule Urban Glide na vigari vya BOB ni majina utakayokutana nayo. Thule Glide, ambayo imekusudiwa mbio zaidi ya matembezi, gurudumu lake la mbele halizunguki kugeukia kushoto wala kulia, limeelekea mbele tu. Kona unaikata kwa kuinua pua, jambo linalochosha sana kati ya rafu za dukani.

Sababu ya kulifunga gurudumu ni hii: linalozunguka huru, kasi ikiongezeka, huanza kutikisika kushoto na kulia, na likigonga jiwe linaweza kugeuka ghafla na kukirusha kigari. Kwa hiyo kwenye mbio lifungwe kila mara. Ukishalifunga, peleka kigari kitupu kwenye sakafu tambarare, kisukume polepole na ukiachie kiende hatua chache. Kikikengeuka upande mmoja, kwenye ekseli ya mbele ya vigari vingi vya mbio kuna skrubu au kinobu cha kurekebisha. Kizungushe kidogo, ujaribu tena. Anayekimbia kilomita kadhaa na kigari kinachovuta kushoto atajua bega lake linavyouma jioni.

Kamba ya kiganja, ile inayokuunganisha na mpini, si pambo. Ivae. Penye miteremko, chagua chenye breki ya mkono pia, kwa sababu ile ya mguu ni ya kuegeshea tu.

Kuhusu umri, kichanga hakimbizwi. Shingo yake bado haiwezi kuhimili mitikisiko. Thule wanataka mtoto awe na miezi 6 angalau kabla ya mbio, BOB wanasema miezi 8, na ni busara kumuuliza daktari wake kwanza, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati. Vilevile usikimbie huku umefunga kiti cha gari au kitanda cha kubebea juu ya fremu.

Kagua pia gurudumu la mbele limeshikwaje. Mwaka 2018 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, iliishtaki Britax, kampuni iliyokuwa ikiuza vigari vya BOB, juu ya vigari hivyo karibu 500,000, ikidai kwamba gurudumu la mbele lililofungwa kwa mkono wa kufungulia haraka, kama wa baiskeli, lilikuwa likichomoka safarini. Suala likamalizwa kwa makubaliano mwaka huohuo. Mkono wa namna hiyo ukikazwa sawasawa unafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba unaweza kuonekana umekaza kumbe haujakaza. Kila unaporudisha gurudumu, kiinue kigari pua juu, shika gurudumu na ulivute kwa nguvu.

4. Cha watoto wawili, mmoja juu mwingine chini

Phil&teds, nao wa New Zealand, walikipa umaarufu kigari cha magurudumu matatu ambacho kiti cha pili huchomekwa nyuma au chini ya cha kwanza. Upana unabaki wa mtoto mmoja, kwa hiyo mlango unaopitika leo utapitika na kesho. Kwa watoto waliopishana mwaka mmoja au miwili ni mpango mzuri. Ila kikapu cha chini kinamezwa, wa chini anatazama mgongo wa kiti cha mwenzake, na mpangilio wa nani akae wapi lazima ufuate maelekezo, maana uzito ukikaa vibaya mizani inaharibika. Mapacha wanahitaji kigari cha ubavu kwa ubavu. Hakikisha tu umepima mlango kwanza.

5. Cha sura tu

Magurudumu matatu ya plastiki, madogo kama ya toroli la sanduku, fremu nyembamba, rangi za kung'aa. Hakina faida hata moja ya aina hii na kimebaki na udhaifu wake wote. Kama bajeti ndiyo inayokubana, chukua cha magurudumu manne kilicho imara na chepesi. Tangu mwaka 1965, Owen Maclaren, mhandisi wa Uingereza aliyeshiriki kubuni magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire, alipobuni kigari cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, watu wa safari na ngazi wamekuwa na jibu lao, na si la magurudumu matatu.

Ukishachagua aina, dukani nenda na mtoto ikiwezekana, na futi ya kupimia. Pima sehemu pana zaidi, yaani ekseli ya nyuma, ulinganishe na mlango wa nyumba na wa lifti. Pima tena kikiwa kimekunjwa, kisha na buti ya gari. Vingi vya aina hii hukunjika vizuri ila upana wa nyuma haupungui mpaka uchomoe magurudumu, na kuchomoa magurudumu yenye matope kila siku ni kazi utakayoichukia.

Kwa mtoto mchanga, kiti lazima kilale bapa kabisa au kipokee kitanda cha kubebea. “Kinalala karibu bapa” si bapa. Mikanda iwe ya ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili, na mmoja katikati ya miguu. Ule wa katikati ndio unaomzuia asiteleze chini. Funga na ufungue bizimu mwenyewe mara kadhaa. Iwe ngumu kwa kidole cha mtoto, isikushinde wewe. Tafuta alama ya kiwango: EN 1888 kwa bidhaa za Ulaya, ambayo sehemu yake ya kwanza inahusu watoto wa hadi kilo 15 na ya pili wa hadi kilo 22, au ASTM F833 kwa za Marekani.

Bawaba za fremu zitazame kwa makini. Mwaka 2009 Maclaren iliwaita wanunuzi wa vigari karibu milioni moja nchini Marekani wachukue vifuniko vya bawaba, baada ya taarifa 12 za watoto waliokatika ncha za vidole wakati kigari kinakunjuliwa. Bawaba iliyo wazi, unayoweza kuingiza kidole, iache hapohapo. Nyumbani, mtoto akae mbali mpaka usikie kufuli zote zimelia.

Kigari kilichotumika si kibaya, na vya njia zote hudumu miaka. Tazama ubavu wa tairi kama umepasukapasuka, shika gurudumu la mbele ulitikise kushoto na kulia kusikia kama beringi zimelegea, kanyaga breki kisha ukisukume kwenye mteremko mdogo. Uliza namba ya modeli na mwaka, uitafute kwenye orodha ya bidhaa zilizorudishwa kiwandani. Mkanda uliokatika ukashonwa kwa mkono usiukubali hata kama muuzaji ni ndugu.